Mambo ya Safari: Kuiwahi Boti ya Unguja

Mwalimu mmoja wa upande wa Kilosa ametuletea barua, naye auliza hivi: yeye na mkewe wana haja ya kwenda Unguja kumtazama binti yao aliyejifungua. Hawana motokaa, wala hawana jamaa mjini Dar es Salaam wa kuwapokea. Je, mtu atokaye bara kwa gari la abiria, mwenye mzigo wake begani na fedha za kuhesabu, aifikie vipi boti bila kupotea? Aongeza kusema kwamba amekwisha kuwauliza watu watatu, na kila mmoja alimjibu, "Ah, ni rahisi, utaona mbele ya safari."

Sisi hatutamjibu hivyo. Njia hiyo twaijua, na namna tulivyoijua ni jambo ambalo hatujapata kuliandika katika ukurasa huu, maana lilitutia haya. Leo tutaliandika, kwa kuwa bila hilo maonyo yetu yatakuwa kama ya wale watu watatu.

Mwezi wa Julai mwaka 2017, usiku, mzee mmoja jirani yetu hapa Morogoro alipigiwa simu kutoka Unguja. Dada yake mkubwa, aliyeolewa huko tangu ujana wake, amefariki, na maziko yatakuwa kesho yake saa kumi alasiri, huko Mbweni. Mzee yule alikuwa hajapata kuiona bahari kwa macho yake. Alitujia usiku ule ule, akasimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Mwalimu, wewe umekwisha kufika mjini. Nipeleke." Nasi tulikuwa tumefika mjini mara mbili, tukajiona tu wenyeji.

Tulitoka alfajiri kwa basi. Wakati ule mabasi ya bara yalikuwa bado yakiishia Ubungo, nasi tulifika hapo yapata saa nne na nusu, maana magari yalijazana barabarani tangu Kibaha. Boti iliyotufaa ilikuwa ya saa sita na nusu. Muda ulitosha kabisa. Hapo Ubungo kilikuwapo kituo cha yale mabasi yaendayo kasi, yaliyoanza kazi Mei mwaka 2016 na ambayo watu huyaita mwendokasi, nayo yalikuwa na maandishi makubwa mbele: KIVUKONI.

Mzee akasema, "Tuulize kwanza."

Tukamjibu, "Baba, twaenda kuvuka bahari, na gari hili limeandikwa Kivukoni. Kuna la kuuliza?"

Hapo ndipo tulipokosea, nalo lilikuwa kosa letu peke yetu. Tulipanda, tukakaa, tukashuka na Barabara ya Morogoro mpaka mjini. Tukaliona kanisa moja kwa mbali, tukakipita kituo cha Posta ya Zamani ambapo watu wengi waliteremka, nasi tukabaki vitini kwa raha, tukiwaonea huruma wale walioshuka mapema. Gari lilipofika mwisho, tukaona maji, tukaona chombo kikubwa, tukasikia harufu ya samaki, na watu wengi mno wakikimbilia mlango mmoja. Tukamwambia mzee, "Umeona?" Mzee aliitazama bahari kwa muda, asiseme neno.

Tukaenda dirishani kununua tiketi. Nauli ilikuwa shilingi 200 kwa mtu mmoja. Msomaji atacheka, nasi twampa ruhusa: tulishangaa kidogo kwa unafuu wake, tukasema moyoni kwamba serikali imewahurumia watu wanyonge. Tukaingia ndani ya banda la kungojea, tukasimama katikati ya mabaiskeli na ndoo, mpaka mama mmoja mwuza samaki alipomtazama mzee na mzigo wake, akamsalimu, akasema, "Shikamoo, baba. Kigamboni mwaenda kwa nani?"

Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Hatuendi Kigamboni, twaenda Unguja, kwenye msiba."

Yule mama akashika kichwa. "Yarabi! Hapa ni Feri, baba. Boti za Unguja haziko hapa. Rudini mlikotoka, huko kwenye kanisa lenye mnara. Kimbieni!"

Hatukuweza kukimbia. Mzee alikuwa na miaka yapata sabini, na njia hiyo yazidi kilometa moja, na jua la saa sita la Dar es Salaam halina heshima kwa mvi. Tulibeba mizigo yote miwili, yeye akafuata na fimbo. Tulipofika bandarini tulinunua tiketi kwa haraka za boti iliyofuata, kwa kuwa za saa sita na nusu hazikuuzwa tena, tukaenda langoni kuomba tuingizwe kwa hizo hizo. Lango lilikuwa limefungwa. Boti ilikuwa bado imefungwa kamba gatini, hata tuliwaona watu wamesimama ubavuni mwake wakipunga mikono.

Kijana aliyelinda lango alimwamkia mzee kwa adabu. Tukamweleza habari za msiba, tukamwonyesha mzee, tukasema maziko ni saa kumi. Akasema, "Poleni sana, wazee wangu. Hesabu ya majina imekwisha kufungwa. Siwezi kumwongeza mtu." Tukamsihi. Akarudia maneno yale yale. Ndipo tukamwambia neno kali ambalo hatutaliandika hapa, na yeye akainamisha macho, lakini lango hakulifungua. Kamba zikafunguliwa, boti ikaenda zake mbele ya macho yetu.

Mzee alikuwa ameketi juu ya mzigo wake. Hakutulaumu. Alisema tu, "Basi, twende kivulini."

Tuliondoka kwa boti ya saa kumi, saa ile ile dada yake alipokuwa akishushwa kaburini. Tulishuka Unguja jioni, na tulipofika Mbweni giza lilikuwa limeingia. Mpwa wake alitangulia na taa, mzee akasimama penye udongo mbichi kwa muda mrefu, nasi tukasimama nyuma yake, tukitamani kuwa mahali pengine po pote.

Twakiri kwamba kwa mwaka mzima na zaidi tuliendelea kumkasirikia yule kijana wa langoni. Ni rahisi zaidi kumkasirikia mtu wa langoni kuliko kuikasirikia nafsi yako iliyokataa kuuliza. Lakini tarehe 20 Septemba mwaka 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika ziwa Victoria, karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara. Chombo hicho kilikuwa na nafasi ya watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Ndipo tulipoanza kuyakumbuka na mengine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka 2011, MV Spice Islander kilizama kati ya Unguja na Pemba, kimejaa watu kupita kiasi chake. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai mwaka 2012, MV Skagit kilichotoka Dar es Salaam kwenda Unguja kilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, upepo ukivuma kwa nguvu. Hicho cha mwisho kilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya watu waendao kwa miguu tu, wala hakikuchukua motokaa hata moja. Ndani yake walikuwa watu kama sisi na mzee, wenye vikapu vyao na haraka zao.

Boti yetu ya saa sita na nusu haikuwa imejaa siku ile. Pengine tungalipata hata viti kumi. Lakini mlinzi afunguaye lango kwa ajili ya wawili wenye msiba, kesho atalifungua kwa ajili ya ishirini wenye arusi, na siku ya gulio kwa ajili ya mia. Tena chombo kikizama, wale walioingia baada ya majina kufungwa hawamo katika orodha, na jamaa zao watakaa ufukweni wakiulizia mtu ambaye kwa karatasi hakusafiri. Twatamani tungemwona tena kijana yule tumwombe radhi. Tumepita hapo mara nyingi tangu hapo, lakini hatujamwona.

Sasa tuje kwa mwalimu wetu wa Kilosa.

Jambo la kwanza ni jina. Mjini Dar es Salaam neno "Feri" ni jina la mahali, napo ni pale penye soko la samaki, Magogoni, ambapo pantoni huvusha watu kwenda Kigamboni, ng'ambo ya pili ya mlango wa bandari. Mahali hapo ndipo paitwapo pia Kivukoni. Safari ya pantoni ni ya dakika chache tu. Kwa hiyo ukimwambia mwenye bajaji au mwenye teksi, "Nipeleke feri," atakupeleka Feri kwa unyofu wa moyo wake, wala hakukudanganya. Wewe sema, "Nipeleke kwenye boti za Unguja," au "boti za Zanzibar," nalo neno halina njia mbili. Twajua wasomaji wengine watasema kwamba boti nayo ni feri, na kivuko ni cho chote kinachovusha. Maneno yao ni ya kweli katika kamusi. Barabarani ni mengine.

Jambo la pili ni alama ya mahali. Boti zaondokea Barabara ya Sokoine, na ng'ambo ya barabara lipo kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lenye mnara uliochongoka, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Ukiwa na kanisa hilo mgongoni, boti ziko mbele yako. Lakini angalia: yapo makanisa mawili ya zamani katika barabara ile. La pili ni la Walutheri, Azania Front, nalo lina vigae vyekundu na liko jirani na Posta ya Zamani. Mtu aambiwaye "shuka kanisani" huweza kushuka kwenye hili akayatafuta yasiyokuwapo. Si hasara kubwa, maana kutoka hapo hata kwenye boti ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini mwenye saa iliyokwisha hana dakika chache za kutupa.

Jambo la tatu, gari gani? Hapa mambo yamebadilika sana tangu safari yetu. Mabasi ya bara hayaishii tena Ubungo. Tangu mwaka 2021 stendi yao kubwa ni ile ya Mbezi, mbali zaidi na bahari. Mtu ashukaye Mbezi bado ana safari nyingine ya mjini mbele yake, na asiihesabu kuwa ndogo, maana ndiyo iliyowakosesha boti watu wengi ambao walidhani wamekwisha kufika. Njia na vituo vya mwendokasi hubadilika, na siku nyingine huduma husimama. Kwa hiyo ukifika Mbezi waulize watu wawili, si mmoja, gari gani lafika Posta ya Zamani siku hiyo. Huko ndiko pa kushuka, wala usiende mpaka mwisho wa njia kama tulivyofanya sisi.

Lakini kwa mtu wa Kilosa au Morogoro ushauri wetu ni gari moshi. Twaliita hivyo kwa mazoea, ingawa hili la reli mpya halina moshi wo wote, laenda kwa umeme. Lilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024, na mwezi wa Julai likafika Dodoma. Kutoka Morogoro hata Dar es Salaam ni yapata saa mbili au pungufu, na halijui msongamano wa Kibaha wala wa Kimara. Reli hiyo yapita Kilosa pia, lakini si kila gari husimama kila stesheni, basi uliza kabla ya kulipa. Uzuri wake mkubwa kwa mwendaji wa Unguja ni huu: stesheni yake ya Dar es Salaam iko mjini, karibu na stesheni ya zamani, na kutoka hapo mtu mwenye mzigo wa kiasi aweza kwenda kwenye boti kwa miguu yake. Ukishika Barabara ya Sokoine, bandari ikiwa mkono wako wa kulia, nenda mbele mpaka uone ule mnara uliochongoka mkono wa kushoto. Mwenye mtoto mgongoni au mgonjwa na achukue bajaji, na wapatane bei kabla ya kupanda.

Tena kuna jambo la saa, ambalo limewaponza hata walimu wa hesabu. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu. Palipoandikwa 7:00 maana yake ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. Na 12:30 ni saa sita na nusu mchana. Tumemwona mtu amefika bandarini saa sita, ametulia, anakula chungwa, na boti yake imekwisha kufika Unguja tangu asubuhi. Ukipewa tiketi, msomee mwuzaji saa kwa Kiswahili mbele yake, naye akubali au akusahihishe. Vile vile ujue kwamba saa iliyoandikwa ni ya boti kuondoka, na lango hufungwa kabla yake. Uwe bandarini saa nzima mbele, kwa kuwa mizigo hukaguliwa na watu hupanga mstari.

Chukua kitambulisho chako, maana tiketi huandikwa jina la mtu. Nunua dirishani, ndani ya ofisi. Nje ya lango utawakuta vijana wengi wenye maneno matamu. Mmoja atakuambia boti imejaa ila yeye anayo nafasi, wa pili atakuwa amekwisha kukamata mzigo wako na kutangulia nao. Wengine wao ni wachukuzi wa haki watafutao riziki, na hatupendi waonewe. Ukihitaji mchukuzi, mwite mmoja, mpatane, mwende pamoja. Usipohitaji, sema asante na ushike mzigo wako mwenyewe.

Kwa habari ya bahari yenyewe hatuna mengi. Safari ni ya yapata saa mbili, kusi likivuma chombo huyumba, na asiyeizoea na ale kidogo tu kabla.

La mwisho ni hili. Ukiwa na jambo lisilongoja, kama maziko au siku ya hospitali, usiweke basi na boti katika siku moja ukahesabu kwa kukazana. Lala Dar es Salaam usiku wa kabla, hata kama ni kwa gharama. Ukipewa habari usiku kama mzee wetu, na huna njia ila kwenda siku ile ile, basi piga simu ng'ambo ya pili useme uko njiani na boti ya saa ngapi. Sisi tulikuwa na simu mfukoni siku ile. Hatukupiga mpaka boti ilipokwisha kuondoka, kwa kuwa tuliona haya. Mpwa wake alituambia baadaye kwamba wangalingoja.

Mzee yungali hai, naye amekwisha kwenda Unguja mara mbili tangu reli mpya ilipofunguliwa. Mara ya kwanza tulikwenda kumwambia kwamba tuko tayari kumsindikiza hadi bandarini. Alikuwa akifunga mzigo wake, akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe baki. Mimi nitauliza."